KINU CHA INI: KWA NINI SUMU YA WARAGI HUCHELEWA KUUA

Mwezi wa Aprili, mwaka 2010, watu wapatao 80 walifariki dunia katika Wilaya ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa muda wa majuma matatu tu. Hawakuuawa na risasi wala na kipindupindu. Walikunywa waragi iliyochanganywa na kileo cha viwandani kiitwacho methanoli. Msako wa nyumba kwa nyumba ulipofanywa, madumu yapatayo 120 ya kinywaji hicho yalikutwa. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba jamaa wengi wa wagonjwa waliona haya kusema kuwa ndugu yao alikunywa. Wakanyamaza, na kimya chao kikawapa wengine nafasi ya kuendelea kunywa.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo inalingana barabara na habari hii, maana sumu ya methanoli ina tabia inayoitofautisha na sumu nyingi: huchelewa. Humpa aliyeimeza muda wa saa nyingi, pengine siku nzima na zaidi, ambamo anaweza kuokolewa akabaki na macho yake na uhai wake. Muda huo ukipotezwa kwa aibu au kwa kutojua, hakuna hospitali iwezayo kuurudisha.

Makala haya hayakusudii kumhubiria mtu aache pombe. Kazi hiyo ina wenyewe. Tunakusudia kujibu maswali matatu ambayo kila askari, kila mke wa askari na kila mzazi yafaa ajue majibu yake. La kwanza: kwa nini mtu aliyekunywa sumu hii Jumamosi jioni huweza kuamka Jumapili akiwa mzima, akala, akazungumza na watoto wake, kisha Jumatatu akawa anapapasa ukuta akitafuta mlango? La pili: kwa nini watu wawili walionunua kinywaji kutoka dumu moja, mmoja hupofuka na mwenziwe akapona? La tatu: kwa nini daktari huweza kumtibu mgonjwa aliyedhuriwa na kileo kwa kumpa kileo kingine?

Maswali haya yote jibu lake ni moja, nalo limo ndani ya ini.

NDUGU WAWILI WANAOFANANA

Kitu kinacholevya katika pombe za namna zote, ikiwa ni tonto ya ndizi, bia ya chupa, mvinyo au waragi, ni kimoja tu, nacho huitwa ethanoli. Ethanoli ina nduguye anayefanana nayo sana, ndiyo methanoli. Zote mbili hazina rangi, zote huwaka moto, na harufu zake zinakaribiana. Lakini methanoli si kinywaji. Hutumika viwandani katika kutengeneza gundi, rangi, plastiki na vitu vingine vingi, na pia huchomwa kama mafuta. Mililita 10 za methanoli tupu, yaani chini ya kijiko kimoja kikubwa cha mezani, zinaweza kumpofusha mtu mzima. Na mililita 30, yaani vijiko viwili, zinaweza kumwua.

Wako wajuzi wa vilabuni wanaojisifu kwamba huweza kuitambua waragi mbaya kwa kuionja kwa ulimi, au kwa kuiwasha kiberiti na kutazama rangi ya ndimi za moto. La hasha! Ulimi haugundui methanoli iliyokwisha changanywa na ethanoli, na moto wa mchanganyiko huo hauonyeshi tofauti ya kutegemewa. Vipimo vya kweli hufanywa katika maabara.

Yafaa pia tuondoe uvumi mwingine. Watu husema kwamba sumu hii hutokana na ndizi mbichi au na mtungi mchafu. Ni kweli kwamba matunda yana kitu kiitwacho pektini, kile kinachoifanya jemu igande, na pektini hutoa methanoli kidogo wakati matunda yanapochacha. Lakini kwa kawaida kiasi hicho ni kidogo, tena huambatana na ethanoli nyingi. Misiba mikubwa, ile ya kuzika watu makumi kwa makumi, kwa kawaida hutokea pale mchuuzi mwenye tamaa anapochukua kileo cha viwandani na kukitia katika kinywaji ili apate ujazo na ukali kwa bei ndogo. Hatari hiyo haitambui mipaka ya nchi wala majina: waragi ya Uganda, chang'aa ya Kenya, gongo ya Tanzania, kanyanga ya Rwanda na Burundi, au lutuku ya Kongo, zote huweza kuchafuliwa kwa njia hiyo hiyo.

KINU CHA KWANZA NA KINU CHA PILI

Sasa tuingie katika ini. Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba ini husafisha damu. Usemi huo ni sahihi, lakini haukukamilika. Ini halitupi vitu vyote kama lilivyovipokea, bali huvibadilisha kwanza. Kazi ya kubadilisha hufanywa na vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina kazi yake maalum, kama fundi asiyeacha kazi yake akafanya ya jirani.

Ili tuelewe vizuri, na tuvifananishe vimeng'enya viwili vya ini na vinu viwili vya kusaga posho vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Kinachotoka katika kinu cha kwanza huingia katika kinu cha pili. Wataalamu hukiita kinu cha kwanza alkoholi dehidrojinasi, na cha pili aldehidi dehidrojinasi. Msomaji asitishwe na majina hayo. Sisi tutaviita kinu cha kwanza na kinu cha pili.

Ethanoli ikiingia kinu cha kwanza hutoka ikiwa asetaldehidi, kitu kibaya kinachochafua moyo na kuumiza kichwa. Lakini haikai sana, kwa sababu kinu cha pili huipokea mara moja na kuigeuza kuwa asetati, ambayo mwili huitumia kama chakula. Mwisho wake ni hewa tunayoipumua nje pamoja na maji. Hivyo ethanoli hulevya wakati ingali nzima. Ikishasagwa, madhara yake hupungua.

Methanoli ni kinyume chake. Ikiwa nzima bado, hulevya kidogo tu, wala haina ukali mkubwa. Ubaya wake huanza pale inaposagwa. Kinu cha kwanza huigeuza kuwa fomaldehidi, dawa ile ile inayotumika kuhifadhia maiti. Kinu cha pili hugeuza fomaldehidi haraka sana kuwa asidi ya fomiki, asidi ile ambayo baadhi ya sisimizi huirusha kwa adui zao. Hapo safari inasimama, kwa kuwa mwili wa binadamu huiondoa asidi hiyo polepole mno, na kwa kazi hiyo huhitaji vitamini iitwayo foleti. Asidi inaendelea kujilimbika katika damu saa baada ya saa.

Asidi ya fomiki huzuia chembe za mwili zisiweze kuitumia hewa safi ya oksijeni. Mgonjwa anavuta hewa, mapafu yanaipokea, damu inaibeba, lakini chembe zinakufa kwa kukosa hewa kana kwamba amenyongwa. Viungo vinavyodhurika kwanza ni vile visivyoweza kuvumilia ukosefu huo: mshipa wa fahamu wa jicho, kisha ubongo. Ndiyo sababu mgonjwa hulalamika kwanza kwamba anaona ukungu mweupe.

Basi, aliyetengeneza sumu ni ini lenyewe, likifanya kazi yake ya kila siku kwa uaminifu. Kikulacho ki nguoni mwako.

FOLENI MBELE YA KINU

Msomaji aliyefuatana nasi hadi hapa ataona jambo moja: ikiwa methanoli haina ukali mpaka isagwe, basi chochote kitakachokizuia kinu cha kwanza kitaizuia sumu isizaliwe. Nacho kitu cha kwanza kinachokizuia ni nduguye, ethanoli.

Kinu cha kwanza ni kimoja, na wateja wote wawili hukitegemea. Lakini mwenye kinu ana upendeleo. Huikubali ethanoli mara 10 hadi 20 zaidi kuliko anavyoikubali methanoli. Kwa hiyo, madamu ethanoli ya kutosha imo katika damu, methanoli husimama uani ikingoja zamu yake. Haijatoka mwilini, inangoja. Foleni ya ethanoli ikiisha, methanoli huingia, na sumu huanza kutoka.

Na tupige hesabu kidogo. Ini la mtu mzima kwa kawaida husaga gramu 7 hadi 10 za ethanoli kwa saa. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina ethanoli ya gramu 20 hivi. Bwana aliyekunywa bia tatu za namna hiyo amebeba gramu 60, na ini lake litahitaji muda wa saa 6 hadi 9 kuzimaliza. Tuseme pamoja na bia hizo alikunywa pia vikombe viwili vya waragi yenye methanoli. Alipomaliza kunywa ilikuwa saa nne ya usiku. Usiku kucha kinu kilishughulika na ethanoli. Karibu na mapambazuko ethanoli ikaisha, na hapo ndipo methanoli ilipoanza kusagwa kwa wingi. Tena hata hapo mtu haugui papo hapo, kwani asidi huhitaji saa nyingi kujilimbika.

Kwa kawaida dalili za methanoli huonekana baada ya saa 12 hadi 24. Ikiwa ilinywewa pamoja na ethanoli nyingi, huchelewa zaidi, pengine siku mbili au hata tatu. Hilo ndilo jibu la swali letu la kwanza. Yule bwana aliyeamka mzima Jumapili hakuwa mzima. Foleni ilikuwa haijaisha.

Swali la pili nalo linajibika papo hapo. Watu wawili wakinywa kutoka dumu moja, mmoja akaenda kulala na mwingine akaendelea na bia safi mpaka usiku wa manane, wa pili huenda akachelewa kuugua, au akaugua kwa wepisho. Tena dumu lenyewe huenda halikukorogwa sawasawa. Kikombe cha juu na kikombe cha chini havina kiasi kimoja cha sumu. Wala miili ya watu hailingani kwa uzito, kwa chakula kilichomo tumboni, na kwa foleti iliyo akibani. Kwa hiyo mtu asiseme kamwe, "Mbona fulani alikunywa na yuko salama?" Uzima wa fulani leo hauthibitishi kwamba atakuwa mzima kesho.

KUTIA KUFULI KATIKA KINU

Swali la tatu ndilo la tiba. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja wa Norway, Oluf Røe, alichunguza wagonjwa wengi wa methanoli. Aliona kwamba wale waliokunywa ethanoli pamoja na methanoli walidhurika kidogo kuliko wenzao, na alieleza pia jinsi damu za wagonjwa hao zilivyojaa asidi. Tangu hapo ethanoli imekuwa dawa hospitalini. Daktari humpa mgonjwa ethanoli safi, kwa mpira wa tumboni au kwa mshipa, na kukilinda kiasi chake katika damu kisipungue gramu 1 wala kisizidi sana gramu 1 na nusu kwa kila lita. Foleni haiachwi iishe.

Lakini tiba hiyo ina taabu zake. Mgonjwa hulewa, husinzia, huweza kutapika na kupaliwa, na sukari ya damu huweza kushuka, hasa kwa watoto. Kisha ni lazima iendelee kwa muda mrefu. Kinu kikiwa kimezuiwa, methanoli hutoka polepole tu kwa njia ya pumzi na mkojo, hata huchukua siku mbili hivi kupungua nusu. Kwa hiyo katika hospitali kubwa za rufaa mgonjwa mahututi husafishwa damu kwa mashine, ile inayotumika kwa wagonjwa wa figo, nayo huondoa methanoli na asidi kwa muda wa saa chache.

Wataalamu wakatafuta kitu cha kukifunga kinu bila kumlevya mtu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Sweden, Hugo Theorell, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1955 kwa kazi yake juu ya vimeng'enya, alionyesha pamoja na wenzake kwamba dawa za jamii ya pirazoli hukizuia kinu cha kwanza. Kutokana na uchunguzi huo ilipatikana dawa iitwayo fomepizoli. Dawa hii hushikamana na kinu kwa nguvu iliyo maelfu ya mara kuliko ethanoli. Ni kufuli hasa, wala si foleni tena. Marekani iliiruhusu mwaka 1997 kwa sumu ya ethilini glaikoli na mwaka 2000 kwa methanoli, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima. Kasoro yake ni bei kubwa. Ndiyo maana ethanoli bado ina nafasi yake katika hospitali nyingi.

Hata hivyo tusidhani kwamba kufunga kinu ni jambo jema wakati wote. Mlevi wa ethanoli tupu akifungiwa kinu cha kwanza, atakawia kulevuka, kwa sababu ethanoli inayolevya ni ile ambayo haijasagwa. Ukizuia kinu kwa sumu inayozaliwa kinuni, unaokoa. Ukikizuia kwa kitu kinachodhuru kabla ya kusagwa, unazidisha. Ndiyo sababu uamuzi huo ni wa daktari, si wa rafiki.

ONYO KWA MADEREVA NA MAKANIKA

Tumeitaja ethilini glaikoli. Hii ndiyo iliyomo katika maji mengi ya rangi yanayotiwa katika rejeta za magari, na hakuna karakana ya jeshi wala ya polisi inayoikosa. Nayo ni kileo kwa asili yake, tena ina utamu. Ini huisaga kwa kinu kile kile cha kwanza, na mwisho wake hutokea asidi ambayo moja yake huungana na chokaa ya mwili, ikafanya vijiwe vya kuziba figo. Tiba yake ni ile ile ya kufunga kinu mapema.

Basi ni mwiko kuyahifadhi maji ya rejeta katika chupa ya soda, na ni mwiko zaidi kuyachukua nyumbani. Mtoto hajui kusoma kibandiko, ila utamu anaujua.

KINU CHA PILI KIKIFUNGWA

Sasa tukitazame kinu cha pili, kwa kuwa jambo lake linaingia moja kwa moja jikoni. Katika miaka ya 1940, huko Copenhagen, Denmark, watafiti wawili, Jens Hald na Erik Jacobsen, walikuwa wakiichunguza dawa iitwayo disulfiramu wakitumaini kwamba itafaa kwa minyoo. Wakaimeza wenyewe ili waijaribu. Kila walipokunywa pombe baada ya hapo, hata kidogo, nyuso ziliwaka, mioyo ikaenda mbio, na moyo ukachafuka. Walitangaza habari hiyo mwaka 1948, na tangu hapo disulfiramu imetumiwa kuwasaidia watu wanaotaka kuacha pombe.

Sababu yake msomaji sasa anaweza kuieleza mwenyewe. Disulfiramu hukifunga kinu cha pili na kukiacha cha kwanza kikifanya kazi. Ethanoli inasagwa kuwa asetaldehidi, lakini asetaldehidi haina pa kwenda, ikafurika. Kwa hiyo kiasi cha pombe ambacho siku nyingine kisingemfanya mtu hata achekecheke, siku hiyo humlaza chini akitapika, na msukumo wa damu ukashuka. Mtu mwenye moyo dhaifu huweza kufa.

Tunasema hayo kwa sababu wako akina mama ambao, kwa uchungu wa mshahara unaoishia kilabuni, wameshawishiwa kumtilia mume dawa hiyo katika chai au mchuzi bila yeye kujua. Mama mpendwa, uchungu wako tunaufahamu, lakini usifanye hivyo. Dawa hiyo hutolewa na daktari kwa mgonjwa anayejua na aliyekubali, baada ya kupimwa moyo na ini. Tena nguvu yake hudumu mwilini hata siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Asiyejua kwamba amepewa hajui kwamba yafaa ajihadhari. Vivyo hivyo, kila unapopewa dawa yoyote zahanati ukaambiwa usinywe pombe, kama vile metronidazoli ya kuhara, ulifuate agizo hilo.

DALILI ZA KUANGALIWA

Taabu kubwa ya methanoli ni kwamba mwanzo wake hufanana na uchovu wa kawaida wa asubuhi baada ya ulevi. Ipo njia moja nyepesi ya kuzitofautisha. Uchovu wa pombe hupungua kadiri saa zinavyopita: asubuhi kichwa kinauma, adhuhuri nafuu, jioni mtu anaomba chakula. Sumu ya methanoli huzidi kadiri saa zinavyopita. Yeyote aliyekunywa jana, na leo jioni akawa mgonjwa kuliko alivyokuwa asubuhi, ahesabiwe kuwa amekula sumu mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Dalili zenyewe ni hizi: kichwa kuuma na kizunguzungu, tumbo kuuma sana na kutapika, kuona ukungu, weupe au vivuli, au mwanga kuumiza macho, kupumua kwa haraka na kwa kina kama mtu aliyekimbia, ilhali amelala, kisha kuchanganyikiwa, degedege na kuzimia. Ikifika kwenye kuzimia, matumaini ni machache.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Usingoje kupambazuke. Kila saa asidi inaongezeka.

Pili, sema kweli. Mwambie mganga: "Amekunywa kitu fulani, saa fulani, mahali fulani." Neno hilo moja humwezesha kuanza tiba bila kupoteza wakati kwa vipimo vya malaria na homa ya uti wa mgongo.

Tatu, chukua chupa au masalio ya kinywaji, yakiwa yamefungwa vizuri, uyakabidhi. Usiyamwage.

Nne, tafuta wote waliokunywa pamoja naye, na uwapeleke hata kama wanacheka na kusema hawaumwi chochote. Hao ndio wanaoweza kuokolewa kwa urahisi zaidi.

Tano, mgonjwa anayesinzia alazwe ubavu, asipaliwe na matapishi. Wala asiachwe peke yake.

Sita, usimtibu nyumbani kwa waragi. Najua msomaji atauliza: je, hukusema kwamba ethanoli ni dawa? Nimesema, lakini dawa hiyo lazima iwe safi, ipimwe, na iendelezwe. Kinywaji kutoka kilabuni huenda ndicho chenye sumu. Tena ethanoli huzuia asidi isiyozaliwa bado. Ile iliyokwisha zaliwa haiiondoi, na mgonjwa wake anahitaji dawa ya magadi iitwayo baikaboneti pamoja na foleti. Katika Jamhuri ya Cheki, mwaka 2012, ilionekana kwamba wagonjwa waliopewa ethanoli kabla ya kufika hospitali waliokoka kwa wingi zaidi. Lakini tiba hiyo haikuwa badala ya hospitali, ilikuwa njiani kwenda hospitali. Ikiwa hospitali iko mbali, mpigie simu mganga, naye atakuelekeza la kufanya.

KWA WAKUU WA KAMBI NA VITUO

Askari wanapokunywa, hunywa kwa pamoja. Wakidhurika, hudhurika kwa pamoja. Mgonjwa mmoja wa methanoli kambini si habari ya mtu mmoja. Ni ishara kwamba dumu liko wazi mahali fulani na wengine wanaendelea kuchota.

Tuangalie hesabu za majirani. Mwezi wa Machi mwaka 2013, katika mji wa Tripoli, nchini Libya, wagonjwa 1,066 waliripotiwa, wakafa 101. Mwezi wa Mei mwaka 2014, nchini Kenya, waliripotiwa wagonjwa 341, wakafa 100. Na mwezi wa Julai mwaka huo huo wagonjwa 126, wakafa 26. Katika mikasa hiyo Madaktari Wasio na Mipaka na wataalamu wa Oslo walisaidiana na wenyeji, wakitoa mafunzo kwa waganga juu ya kuitambua sumu hii na kuitibu mapema. Kule Cheki, serikali ilipiga marufuku mwezi wa Septemba 2012 kuuza vinywaji vyote vyenye nguvu ya zaidi ya asilimia 20 mpaka chanzo kilipodhibitiwa.

Kutokana na hayo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, mkuu akipata habari ya mgonjwa wa pili, na atangaze gwarideni na katika nyumba za familia bila kungoja wa tatu. La pili, siku ya msiba kama huo mnywaji ahesabiwe mgonjwa kwanza. Askari akijua kwamba akisema atawekwa mahabusu, hatasema. Na asiposema, macho yake hayatangoja mpaka hasira ya mkubwa wake ipoe. Nidhamu ina siku yake, na sheria kali ielekezwe kwa yule aliyetia methanoli katika dumu akijua anachofanya. Huyo ndiye polisi wamsake usiku na mchana.

NENO LA MWISHO KWA JAMAA

Ndugu msomaji, aibu ya kukutwa na kikombe hudumu juma moja. Upofu hudumu maisha yote, na mjane huulea upweke wake miaka mingi. Anayekunywa na anywe kile ambacho chanzo chake kinajulikana, katika chupa ambayo kifuniko chake hakijavunjwa, kwa kiasi. Na asiyekunywa ashukuru. Lakini ikitokea kwamba mmoja wa nyumbani amekunywa kisichojulikana, baba, mama, kaka au dada, msikae mkinong'onezana chumbani mkitazamana nani atatoka kuwaambia majirani. Ini halijui aibu wala heshima ya mtu. Linaendelea kusaga. Tangulieni kufika hospitali kabla foleni haijaisha.